Panya wa maabara, uvimbe wa ubongo na deni la ihsani

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W), Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake hadi siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, vijana wetu wanaosoma masomo ya sayansi hapa Iyunga, na wenzao wa shule nyingine za jiji la Mbeya, huja katika darsa za jioni na maswali ambayo vitabu vya fiqhi vya darasa la mwanzo havikuyaandika. Miongoni mwa maswali hayo limo hili: je, inajuzu kumpandikiza panya uvimbe wa saratani ndani ya ubongo, kwa makusudi, ili mtafiti apime namna damu inavyopita katika uvimbe huo, kisha panya huyo auawe na ubongo wake ukatwe vipande?

Wapo wazee wanaolipuuza swali hili. Husema panya ni mharibifu wa mahindi ghalani, basi na afe kwa namna yoyote. Na wapo vijana walio upande wa pili, wanaoona kwamba mtafiti wa aina hiyo ni mkatili na elimu yake haina baraka. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba pande zote mbili zimekosa. Kazi hiyo inajuzu kwa masharti mazito. Na anayenufaika na elimu iliyopatikana kwa njia hiyo ana deni shingoni mwake, deni ambalo familia zetu nyingi hazilipi. Tufuatane hatua kwa hatua.

Damu na ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo kiungo hiki hupokea kama asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, na hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni ya mwili mzima. Kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na wastani wa mililita 50 za damu kwa dakika. Damu ikikatika kwa sekunde chache mtu huzimia. Ikikatika kwa dakika chache, chembechembe za ubongo huanza kufa na hazirudi.

Tena Allah (S.W) ameuwekea ubongo ulinzi ambao viungo vingine havikupewa. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, mwanasayansi wa Ujerumani, alitia rangi katika damu ya wanyama. Karibu viungo vyote vikashika rangi ile, ubongo ukabaki mweupe. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akafanya kinyume chake katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1913: akaitia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi, viungo vingine vikasalimika. Hapo ikadhihirika kuwa baina ya damu na ubongo kuna kizuizi. Kuta za mishipa myembamba ya ubongo zimeshikamana sana, hazipitishi kila kinachoelea katika damu. Ni rehema, kwa sababu sumu nyingi huzuiliwa hapo. Na ni mtihani, kwa sababu dawa nyingi nazo huzuiliwa hapo hapo.

Jambo la tatu ni fuvu. Tumbo likiwa na uvimbe huweza kutanuka. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Uvimbe unapokua ndani yake, shinikizo hupanda, na shinikizo likipanda damu hupata taabu kuingia. Ndiyo maana mgonjwa wa uvimbe wa ubongo huamka alfajiri na kichwa kizito, hutapika, macho yake hufifia, na baadhi yao huanguka kifafa ambacho hawakuwa nacho tangu utotoni.

Yaliyofanywa kwa panya

Mwaka 1945 wataalamu wawili wa Marekani, Seymour Kety na Carl Schmidt, walieleza njia ya kupima damu inayopita katika ubongo wa binadamu aliye hai. Mtu alivutishwa gesi ya nitrasi oksaidi kwa kiasi kidogo, kisha wakalinganisha kiwango chake katika damu iingiayo kichwani na itokayo. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilitoa wastani wa ubongo wote. Haikuweza kusema damu kiasi gani inapita katika uvimbe wenye ukubwa wa ndimu, wala tofauti baina ya ukingo wa uvimbe na kitovu chake. Kwa binadamu wa zama hizo, kujua hayo kulikuwa muhali.

Hapo ndipo watafiti walipogeukia wanyama. Mwaka 1968 ilitangazwa aina ya chembechembe za uvimbe wa ubongo zilizotokana na panya waliopewa kemikali yenye kusababisha saratani. Chembechembe hizo ziliweza kukuzwa katika chupa za maabara na kupandikizwa katika ubongo wa panya wengine. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, tundu dogo hutobolewa katika fuvu, na chembechembe hutiwa. Baada ya siku au wiki kadhaa uvimbe huwa umekua. Kisha kitu chenye mionzi hafifu hutiwa katika mshipa wa damu, na kwa muda usiozidi dakika moja hivi panya huuawa. Ubongo wake hugandishwa, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, na kulazwa juu ya filamu. Palipopita damu nyingi filamu huwa nyeusi; palipopita damu haba hubaki nyeupe. Ukiitazama filamu ile unauona mtiririko wa damu kama mtu aonavyo mito na nchi kavu katika ramani.

Ramani hizo zilifundisha mambo ambayo daktari wa leo anayatumia hata bila kukumbuka yalikotoka.

Kwanza, uvimbe haunyweshwi damu kwa usawa. Ukingoni mara nyingi damu hupita kwa wingi, na kitovuni huwa haba mno hata nyama ya hapo hufa. Hii ni moja ya sababu za dawa ya saratani iliyotiwa mshipani kutofika kila mahali, maana dawa husafiri na damu. Na tangu miaka ya 1950 wataalamu walikwisha kubaini kuwa sehemu yenye uhaba wa oksijeni hustahimili tiba ya mionzi kuliko sehemu yenye oksijeni ya kutosha.

Pili, mishipa ya uvimbe si mishipa ya kawaida. Imepinda, ina ukubwa usiolingana, na inavuja. Kizuizi kile alichokigundua Ehrlich huvunjika ndani ya uvimbe. Ndiyo sababu mgonjwa anapopigwa picha ya CT-scan au MRI hutiwa dawa maalumu mshipani: dawa hiyo huvuja pale kizuizi kilipovunjika, na uvimbe hung'aa katika picha. Lakini pembezoni, mahali ambapo chembechembe chache za saratani zimejipenyeza katika ubongo mzima, kizuizi bado kimesimama na dawa za tiba hukwama.

Tatu, maji yanayovuja hujaa katika ubongo unaouzunguka uvimbe, na mara nyingi maji hayo humdhuru mgonjwa kama uvimbe wenyewe, kwa sababu hubana mishipa na kupunguza damu. Tangu mwaka 1961, madaktari wa Marekani walipoeleza manufaa ya dawa ya deksamethasoni kwa maji hayo, dawa hiyo imekuwa ikitolewa ulimwenguni kote. Si dawa ghali. Mgonjwa aliyekuwa amezimia nusu huweza kuzungumza na watoto wake baada ya siku moja au mbili, ingawa uvimbe wenyewe bado upo.

Sheria inasema nini?

Sasa turudi kwenye swali la vijana wetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'am aya ya 38, inatufundisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Mtume (S.A.W), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Wamepokea pia habari ya Nabii mmoja wa kale aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kichuguu kizima kichomwe, akalaumiwa na Mola wake kwa kuangamiza umma unaomsabihi Allah. Na imepokewa kwa Ibn Umar (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) alimlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kurushia mishale.

Mwenye kusema kuwa panya amehalalishwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka anasema kweli, hadithi ya Bibi Aisha (R.A) imemtaja miongoni mwa viumbe waharibifu watano. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A), aliyoipokea Muslim, imefaradhisha ihsani katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na ikaamuru kisu kinolewe ili mnyama apumzishwe. Basi ikiwa mbuzi tunayemchinja kwa jina la Allah ana haki ya kisu kikali, vipi panya awe hana haki ya dawa ya usingizi?

Kwa upande wa pili, hadithi ya Usama bin Sharik (R.A) imeamrisha kutafuta matibabu, na kuhifadhi nafsi ya mwanadamu ni katika makusudio makuu ya sheria. Allah ametudhalilishia wanyama kwa kuwala, kuwapanda na kubebea mizigo. Ikiwa inajuzu kumchinja ng'ombe kwa ajili ya karamu ya harusi, kuutoa uhai wa panya ili kuokoa uhai wa mtoto wa Adamu kuna haki zaidi ya kujuzu.

Waganga wa Kiislamu wa kale hawakuwa mbali na jambo hili. Abu Bakr al-Razi alimpa nyani zebaki ili aone athari yake. Ibn Zuhr wa Seville, aliyefariki mwaka 1162, alijaribu upasuaji wa koo kwa mbuzi kwanza, ajue kama kidonda cha hapo hupona, kabla ya kuuzungumzia kwa watu. Na kinyume chake, Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus na Cairo aliyefariki mwaka 1288, aliandika kwamba sheria na huruma ya nafsi yake vilimzuia kupasua miili; hata hivyo ndiye aliyetangulia kueleza kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupitia mapafuni, kisha hurejea upande wa kushoto. William Harvey wa Uingereza, aliyekamilisha maelezo ya mzunguko wa damu mwaka 1628, alitegemea sana wanyama waliopasuliwa wakiwa hai, katika zama ambazo dawa ya usingizi haikuwapo. Wote hao wametufikishia elimu. Mizani ya sheria haimtupi al-Razi wala Ibn Zuhr, na haimcheki Ibn al-Nafis kwa huruma yake.

Katika Cairo hiyo hiyo aliishi Sheikh al-Izz ibn Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 1262. Yeye aliorodhesha haki za mnyama juu ya mtu anayemmiliki: amlishe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutomfaa tena, asimbebeshe asichokiweza, asimweke pamoja na mnyama atakayemdhuru, asimchinje mwanawe mbele ya macho yake. Mwenye kuisoma orodha hiyo leo ataona kuwa sheria za ustawi wa wanyama zilizotungwa Ulaya karne nyingi baadaye si jambo geni kwetu. Uingereza ilitunga sheria ya kudhibiti majaribio kwa wanyama mwaka 1876. Mwaka 1959 wanasayansi wawili wa huko, William Russell na Rex Burch, wakaweka kanuni tatu ambazo maabara nyingi duniani zinazifuata: mtafiti asimtumie mnyama ikiwa ipo njia nyingine, akilazimika, atumie wachache iwezekanavyo, na hao wachache awapunguzie maumivu kwa kila njia. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Ukiziweka kanuni hizo mbele ya usuli ya fiqhi, utaona zinaafikiana na ile kanuni ya wanazuoni kuwa dharura huhalalisha lililokatazwa, lakini hupimwa kwa kiasi chake, haivuki mpaka. Kwa hiyo masharti ni manne. Haja iwe ya kweli, kama ugonjwa unaoua. Pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kupata jibu lile lile. Maumivu yaondolewe kwa dawa. Na idadi isizidi inayohitajika. Al-Hafidh Basheer Ahmad Masri, aliyepata kuwa imamu wa msikiti wa Shah Jahan huko Woking, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu wanyama katika Uislamu, aliyakemea vikali majaribio ya kuwatesa wanyama kwa ajili ya vipodozi na anasa. Huo ndio mpaka wenyewe. Uvimbe wa ubongo si rangi ya midomo.

Na kuna habari njema. Siku hizi mashine za MRI na PET zilizotengenezwa kwa vipimo vya panya huweza kupima damu ndani ya uvimbe kwa mnyama yule yule leo, wiki ijayo na wiki itakayofuata, bila kumuua kila mara. Mahali palipohitaji panya wengi, sasa hutosha wachache. Hii ni ihsani iliyoletwa na elimu.

Panya si mtu

Haki inatutaka tuseme na upande mwingine wa jambo. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa Boston, alitoa rai kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita ukubwa mdogo sana mpaka ujitengenezee mishipa mipya ya damu, na kwamba ukizuiwa kupata mishipa utadumaa. Wengi walimpinga. Mwaka 1993 ilionyeshwa kuwa kingamwili maalumu inayozuia ukuaji wa mishipa hudumaza uvimbe katika panya. Ikatengenezwa dawa ya bevasizumabu, na mwaka 2009 Marekani ikaruhusu itumike kwa wagonjwa wa aina kali zaidi ya uvimbe wa ubongo uliorudi baada ya matibabu.

Kisha mwaka 2014 yakatangazwa majibu ya tafiti mbili kubwa kwa wagonjwa wapya. Dawa ilichelewesha kukua kwa uvimbe katika picha, na ilipunguza maji ya ubongo, lakini haikurefusha umri wa wagonjwa kuliko wenzao. Kilichoonekana kwa panya hakikutimia kwa mwanadamu kama ilivyotarajiwa. Ubongo wa panya una uzito wa gramu 2 hivi. Uvimbe wake hukua kwa wiki, nao umepandwa na mkono wa mtu. Wa binadamu huchipuka wenyewe na hujipenyeza mbali.

Je, hii ni hoja ya kuiacha kazi yote? Sivyo. Ni hoja ya kuifanya kwa uangalifu zaidi, kwa sababu jaribio lililopangwa vibaya, lisiloweza kufundisha lolote, humwaga damu bure, na kumwaga damu bure ndiko kulikokatazwa. Mwanafunzi Mwislamu anayeingia maabara ajue kuwa hesabu mbovu, rekodi za uongo na majibu yaliyofichwa ni dhambi mbili kwa pamoja: amewadanganya wagonjwa, na amemdhulumu kiumbe asiyeweza kumshitaki hapa duniani.

Tena tusidhani kuwa panya hutumikia kwa kufa tu. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Alifariki mwaka 2022 akiwa ameng'amua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Watoto waliosalimika miguu yao huko Kambodia wana deni kwa panya wa Morogoro.

Deni letu nyumbani

Ndugu msomaji, hapa ndipo neno linapotufikia sisi. Elimu hii iliyopatikana kwa roho za viumbe wengi, sisi tunaifanyia nini?

Mara nyingi tunaitupa. Mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza katika umri wa miaka 40, neno la kwanza nyumbani ni kwamba ana jini, au amerogwa na jirani. Binti akilalamika kichwa kila alfajiri na kutapika, huambiwa anaikimbia shule. Mama akibadilika tabia, akawa mkali na msahaulifu, husemwa kuwa ametupiwa kitu. Familia huuza mbuzi, kisha shamba, wakizunguka kwa waganga kutoka Iyunga hadi vijiji vya mbali. Wanapofika hospitali, macho yamekwisha kuzimika na mgonjwa hawezi kusimama. Daktari akiuliza yalianza lini, jibu ni mwaka jana.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, Qur'ani imewataja. Wala hatumzuii mtu kusoma ruqya ya kisheria juu ya mgonjwa wake. Lakini aliyekuamrisha kuomba dua ndiye aliyekuamrisha kutafuta matibabu, na kisomo hakimzuii mtu kupanda gari kwenda hospitali. Msomee akiwa njiani.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya ziada ya kuharakisha. Watafiti wamethibitisha katika wilaya ya Mbozi, iliyokuwa mkoa wa Mbeya kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016, kuwepo kwa tegu wa nguruwe ambaye mayai yake yakimezwa na mtu huweza kujenga vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Mwislamu asijidanganye kuwa ugonjwa huu haumhusu kwa kuwa hali nguruwe. Mayai hayo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, huingia katika maji na mboga, na humfikia yeyote asiyenawa mikono. Ugonjwa huo hufanana na uvimbe wa saratani kwa dalili, lakini tiba yake ni nyingine, na wengi hupona. Bila kipimo huwezi kuvitofautisha. Mwenye kuamua kwa kukisia amemnyima mgonjwa haki yake.

Huduma nayo si kama ilivyokuwa zamani. Taasisi ya MOI pale Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hufanya upasuaji wa ubongo. Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika majengo yaliyoachwa na Wajerumani, hutoa tiba ya mionzi. Mwaka 2006 daktari Dilan Ellegala kutoka Marekani alifika katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, akamfundisha tabibu Emmanuel Mayegga upasuaji wa ubongo, na tabibu huyo akaufanya. Fedha zilizotolewa baada ya maradhi ya UVIKO-19 zimenunua mashine za CT-scan kwa hospitali za mikoa. Bado safari ya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na nauli, chakula cha msindikizaji na gharama za kipimo huwashinda wengi. Hilo ndilo jukumu la jamaa na jirani. Mgonjwa maskini ni miongoni mwa wanaostahiki zaka, na msikiti unaokusanya michango ya zulia haushindwi kukusanya nauli ya mgonjwa mmoja.

Kwa hiyo, nawausia wazazi na viongozi wa misikiti mambo matatu.

La kwanza, zijulikane dalili: kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kuzidi wiki hadi wiki, kutapika kusikoelezeka, kifafa kipya kwa mtu mzima, macho kufifia, upande mmoja wa mwili kulegea, na tabia kubadilika ghafla. Mwenye hayo aonwe na daktari. Si kila kichwa ni uvimbe, na wengi wataambiwa ni jambo dogo; hilo ni la kumshukuru Allah.

La pili, madrasa zetu zifundishe ihsani kwa wanyama kama zinavyofundisha udhu. Mtoto anayempiga mawe mbwa wa jirani, au kumfunga paka kamba mkiani huku wenzake wakicheka, ndiye kesho atakayekabidhiwa maabara, zahanati au machinjio. Akizoea kutouona uchungu wa kiumbe asiyesema, hatauona wa mgonjwa asiyeweza kusema.

La tatu, vijana wenye akili ya sayansi wasikimbie masomo haya kwa kudhani yanapingana na dini. Tunahitaji daktari na mtafiti ambaye, kabla ya kuchoma sindano, anajua kuwa aliye mezani ni umma mfano wake, na kuwa ataulizwa alimuua kwa haki au kwa mchezo.

Kiumbe dhaifu aliyelazwa katika maabara ya mbali ametoa kichwa chake ili ijulikane damu inapita wapi katika kichwa cha mwanao. Kumpeleka mwanao kwa daktari akiwa amekwisha kuchelewa ni kumdhulumu mwanao, na ni kuifanya bure damu ya yule mwingine. Tumche Allah katika wote wawili.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.